Noizi kwa Chuma Chakavu: Kuanzia Kisahani cha Piezo hadi Rekodi ya Kwanza

Mwongozo huu unakufikisha kwenye seti kamili ya kupigia muziki wa noizi na indastrio, yaani muziki unaojengwa kwa kelele na milio ya vyuma na mitambo: kipande cha chuma kinachosikika kwa maikrofoni ya mguso, bafa ndogo ya betri (saketi inayolinda sauti ya maikrofoni isipotee), pedali moja au mbili (vijisanduku vya kubadilisha sauti), na miksa inayojilisha sauti yake yenyewe. Vyote vinaenea juu ya meza ya kulia chakula. Huhitaji kujua nota wala kumiliki gitaa. Unahitaji pasi ya kuchomelea risasi, mkono uliotulia, na subira ya kusikiliza sauti ndogo kwa muda mrefu.

Hilo la sauti ndogo tunalisisitiza mapema. Wengi wanaoanza hudhani noizi ni kufungua spika hadi mwisho. Msumari ukikwaruza mfuniko wa kopo hutoa mlio ambao sikio tupu halipati hata nusu yake. Ukikuzwa mara mia kadhaa, unagundua ndani yake kuna mikwaruzo, miluzi, mitetemo ya besi na vishindo vilivyopishana. Noizi inayomshika msikilizaji huanzia kwenye chanzo kidogo chenye mambo mengi ndani yake, kisha hukuzwa hatua kwa hatua. Chanzo kitupu kitabaki kitupu hata ukikipitisha kwenye pedali kumi. Kwa hiyo karibu kazi yote iliyo hapa chini hufanyika kwa sauti ambayo mtu wa chumba cha pili anaweza kulala nayo.

## Sikiliza kabla ya kushika pasi

Tenga jioni mbili za kusikiliza, na kila kazi uisikilize ukiwa na jambo moja unalolitafuta. Ukisikiliza bila kutafuta kitu, dakika kumi za kwanza zitakuchosha.

Anza na Throbbing Gristle wa Uingereza. Waliunda kundi mwaka 1975, na mwaka 1976 wakaanzisha lebo yao, Industrial Records, ambako jina la muziki wa indastrio lilitoka. Katika rekodi zao za mwaka 1977 fuatilia sauti ya chini kabisa peke yake, usijali maneno. Utaona kwamba besi karibu haisogei, na kutosogea huko ndiko kunakoleta hofu.

Einstürzende Neubauten walianza Berlin Magharibi mwaka 1980 wakitumia mabati, springi, mabomba na vifaa vya ujenzi pamoja na gitaa. Kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1981 sikiliza nafasi zilizopo kati ya pigo na pigo. Chuma kinahitaji muda wa kulia mpaka kinyamaze, nao wanakipa muda huo. Baada yao nenda kwa Merzbow, yaani Masami Akita wa Tokyo, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Rekodi zake za katikati ya miaka ya 1990 zinaonekana kama ukuta mmoja. Chagua sekunde 30, zirudie mara tano, na kila mara tafuta tabaka ambalo hukulisikia mwanzo.

Kwa upande wa panki, Suicide wa New York walionyesha kwenye albamu yao ya mwaka 1977 kwamba sauti ya mtu, kinanda na mashine ya ngoma vinatosha. Big Black wa Illinois walikwenda mbali zaidi: mashine yao ya ngoma ya Roland iliandikwa kwenye majalada kama mwanamuziki mwenzao. Sikiliza jinsi mashine isivyoyumba hata gitaa likichanganyikiwa.

Kisha rudi huku kwetu. Konono N°1 wa Kinshasa, kundi la marehemu Mawangu Mingiedi, walikuza likembe (ala ya vibanzi vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) kwa maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu, na distoshoni (mkwaruzo wa sauti iliyokuzwa kupita kiasi) iliyotokana na mitambo hiyo ikawa sehemu ya muziki wenyewe. Duma wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wakiunganisha mayowe ya metali na ngoma za kompyuta zinazokwenda kasi kuliko mkono wa mpiga ngoma. Makundi hayo mawili ndiyo somo la karibu zaidi kwa msomaji wa mwongozo huu: la kwanza kwa vifaa, la pili kwa muundo.

## Vya kununua

Maduka ya vipuri vya elektroniki, mfano ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, yana karibu kila kitu hapa. Yasipokuwa nacho, fundi redio atakuonyesha pa kwenda.

- Visahani vya piezo vya milimita 27, vinne. Viwili ni vya akiba kwa sababu vinapasuka. Vikija na nyaya zake tayari, bora zaidi.
- Waya wa sauti wenye ngao, mita 2.
- Jeki mono za milimita 6.35: mbili za kike, mbili za kiume.
- Aisii (chipu) TL072 moja na soketi yake ya pini 8.
- Rezista: 100k tatu, 1M moja, 10k moja, 100 ohm moja.
- Kapasita: 10 µF mbili, 100 nF mbili.
- Diodi 1N4148 mbili.
- Betri ya volti 9 na kishikio chake, swichi ndogo, kipande cha ubao wa matundu.
- Pedali moja ya distoshoni, yoyote. Ya bei nafuu inafaa.
- Miksa ndogo yenye tundu lililoandikwa AUX SEND au FX SEND (la kutolea nakala ya sauti ya chaneli). Hata iliyochoka inafaa, mradi chaneli tatu ziwe zinafanya kazi.

Usipopata visahani dukani, fungua vifaa vilivyokufa vinavyolia "pii": maikrowevu, saa za mezani, king'ora cha moshi, midoli ya watoto. Ndani ya kijumba cheusi cha plastiki kuna kisahani. Bana ukingo wa plastiki kwa koleo mpaka upasuke, usibane katikati.

## Maikrofoni ya mguso

Kisahani cha piezo ni duara la shaba ya manjano lenye tabaka jeupe la kauri juu yake. Kauri hiyo ikipindwa hata kidogo sana, hutoa umeme. Haisikii hewa kama maikrofoni ya kawaida. Inasikia mtetemo wa kitu ilichogusa, ndiyo maana unaweza kupayuka pembeni yake isikuchukue, lakini mchanga ukidondoka juu ya bati unasikika punje kwa punje.

1. Tumia pasi ya wati 25 hadi 30, na risasi nyembamba yenye flaksi ndani (dawa inayosaidia risasi kushika). Acha pasi ipate moto kamili. Pasi ya uvuguvugu ndiyo inayoharibu visahani, kwa sababu inakulazimisha kukaa muda mrefu.
2. Menya waya wa ngao, sokota nyuzi za nje pamoja, kisha paka risasi ncha zote mbili kabla hazijagusa kisahani.
3. Kwaruza kidogo ukingo wa shaba kwa msasa. Paka tone la risasi hapo, kisha unganisha nyuzi za ngao.
4. Waya wa ndani unakwenda kwenye sehemu nyeupe. Gusa kwa sekunde moja, mbili zikizidi sana, karibu na ukingo wa duara jeupe na si katikati. Juu ya kauri kuna utando mwembamba wa fedha. Joto likizidi unabanduka na risasi yako, na kauri yenyewe hupoteza usikivu. Ukikosea, acha kipoe kabisa kabla ya kujaribu tena.
5. Funika viungo vyote viwili kwa gundi ya moto, na gundi ishike pia sentimita moja ya waya. Maikrofoni nyingi za mguso hufa kwa waya kung'oka.
6. Funga pande zote mbili kwa safu moja ya tepu ya umeme. Juu yake zungusha karatasi ya alumini inayogusana na ngao tu, kisha tepu tena. Bila hiyo, kila ukisogeza mkono utasikia mngurumo wa umeme wa nyumba.
7. Upande wa pili wa waya weka jeki: waya wa ndani kwenye ncha, ngao kwenye mwili.

## Bafa, na kwa nini usiiruke

Ukichomeka maikrofoni hii moja kwa moja kwenye miksa, itasikika nyembamba na kali, utadhani redio ya betri zinazoisha. Watu wengi huishia hapo, wakaamua piezo ni vitu duni. Kosa liko kwenye muunganiko. Kisahani cha milimita 27 ni sawa na kapasita ya takriban 20 nF. Kikikutana na tundu la LINE lenye kilo-ohm 10, vinaunda chujio linalokata kila kitu kilicho chini ya 800 Hz hivi. Besi yote imekwenda. Kikikutana na mega-ohm 1, chujio linashuka hadi 8 Hz, chini ya uwezo wa sikio.

Amplifaya ya gitaa huwa na takriban mega-ohm 1, kwa hiyo hapo unaweza kuchomeka bila bafa. Pedali nyingi za Boss nazo hufanya kazi ya bafa hata zikiwa zimezimwa. Kama huna kimojawapo, jenga hii. Kwa mtu aliyekwisha kuchomelea kidogo ni kazi ya saa mbili.

Pini za TL072 huhesabiwa kuanzia upande wenye nukta au pengo: 1 hadi 4 kushuka kushoto, 5 hadi 8 kupanda kulia.

1. Chanya ya betri, kupitia swichi, iende pini 8. Hasi iende pini 4. Hii ndiyo ethi ya kila kitu. Kapasita ya 100 nF ikae kati ya pini 8 na 4, karibu kabisa na soketi.
2. Unganisha rezista mbili za 100k kwa mfululizo kutoka chanya hadi ethi. Katikati yake unapata volti 4.5. Toka hapo katikati weka kapasita ya 10 µF kwenda ethi, mguu wa chanya ukiwa upande wa katikati.
3. Rezista ya 1M itoke katikati hiyo kwenda pini 3.
4. Jeki ya kuingiza: ncha yake ipite rezista ya 10k, kisha kapasita ya 100 nF, ifike pini 3.
5. Diodi ya kwanza: upande wenye mstari kwenye chanya, mwingine pini 3. Ya pili: upande wenye mstari pini 3, mwingine kwenye ethi. Kisahani kikigongwa kwa nyundo kinaweza kutoa makumi ya volti, na diodi hizi ndizo zinazoiokoa aisii.
6. Unganisha pini 1 na pini 2.
7. Kutoka pini 1 weka kapasita ya 10 µF, chanya upande wa pini, kisha rezista ya 100 ohm, kisha ncha ya jeki ya kutolea. Rezista ya 100k ya mwisho ianzie baada ya kapasita kwenda ethi. Hii inazuia kishindo unapochomeka.
8. Nusu ya pili ya aisii usiiache inaning'inia: pini 5 iende kwenye volti 4.5, pini 6 iungane na 7.

Pima kabla ya kuchomeka spika. Pini 8 ionyeshe karibu 9, pini 1 karibu 4.5. Pini 3 itaonyesha pungufu kidogo, kama 4.1, kwa sababu mita yenyewe inavuta umeme kupitia ile 1M. Hilo ni kawaida. Pini 1 ikionyesha 0 au karibu 9, angalia kwanza kama umegeuza aisii, kisha kama pini 1 na 2 zimeungana kweli. Betri ikishuka chini ya volti 7 hivi sauti huanza kukatika kwenye mapigo makubwa.

Weka yote ndani ya kopo la chuma, kopo lenyewe likiunganishwa na ethi. Kopo la plastiki litakuletea mngurumo.

## Kuchagua chuma

Nenda kwa wauza skrepa ukiwa na kijiti kidogo na masikio. Usinunue kwa macho. Ning'iniza kipande kwa kidole au kamba, kigonge taratibu, hesabu sekunde mpaka kinyamaze. Kinachonyamaza chini ya sekunde moja ni cha mdundo, kinachoendelea zaidi ya sekunde tatu ni cha kukwaruza na kupitishia upinde. Unahitaji vyote viwili.

Mabati ya paa: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 30 au 32 hutetemeka vizuri likining'inizwa na kutikiswa, na hutoa radi. Geji 28 linatulia zaidi na linafaa kugongwa. Kipande cha sentimita 40 kwa 60 kinatosha. Piga ukingo wote kwa tupa kabla ya kukigusa, kisha uzungushie tepu. Usikate wala kusaga bati la zinki kwa grainda ndani ya chumba: moshi wa zinki unaleta homa, na cheche zitafika kwenye pazia.

Springi ndizo hazina ya kweli. Springi ndefu laini iliyotolewa kwenye kiti kibovu au mlango, ifunge ncha zote mbili juu ya trei ya chuma ikiwa imevutwa kidogo, kisha bandika piezo chini ya trei. Mguso wa ukucha mmoja utakupa mlio unaoanza juu na kuporomoka, kwa sababu ndani ya springi sauti za juu na za chini hazisafiri kwa kasi moja. Ongeza nondo nyembamba yenye nyuzi, kisu cha msumeno, sega la chuma. Upinde wa fidla wenye ulimbo, ukivutwa kwenye ukingo wa trei, hutoa sauti za muda mrefu ambazo watu hudhani ni sinteza.

Namna ya kubandika hubadilisha sauti kuliko unavyodhani. Gundi kali hutoa sauti ya wazi na kali zaidi lakini hutakitoa tena. Tepu ya pande mbili hulainisha milio ya juu. Kibano chenye kipande cha mpira wa tairi la ndani ya baiskeli hukuruhusu kuhamisha kisahani, na hilo ndilo tunalolipendekeza kwa mwezi wa kwanza. Hamisha sentimita tano tu usikie. Katikati ya bati hutoa milio fulani na kunyima mingine. Karibu na kona karibu kila mlio wa bati hilo unapatikana.

## Mnyororo

Mpangilio wa kuanzia: piezo, bafa, distoshoni, dilei (pedali inayorudia sauti kama mwangwi) kama unayo, miksa. Dilei ikikaa baada ya distoshoni, marudio yanabaki yametengana. Ikikaa kabla, marudio yanasagwa pamoja na kuwa donge moja. Jaribu yote mawili kwa chuma kilekile.

Fungua GAIN (kitufe cha kukuza) ya pedali robo tu mwanzoni. Distoshoni hupandisha sauti ndogo kuliko kubwa, kwa hiyo kila robo unayoongeza inafuta tofauti kati ya mguso mwepesi na pigo zito. Ukifika mwisho, mikono yako haina tena kazi: ukigusa au usiguse, sauti ni ileile. Tafuta mahali ambapo kukwaruza kwa ukucha kunasikika safi na pigo la nyundo linapasuka. Hapo ndipo pa kupigia.

## Miksa isiyo na kitu ndani yake

Huu ni ufundi ambao Toshimaru Nakamura wa Japani ameujengea jina tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: hakuna ala, hakuna maikrofoni, miksa inarudishiwa sauti yake yenyewe mpaka ianze kuimba. Ndani ya kila kifaa cha umeme kuna mvumo mdogo sana. Ukiuzungusha na kuukuza kila unapopita, kuna masafa yatakayoshinda mengine na kugeuka mlio. Ikwalaiza (vitufe vya trebo, kati na besi) ndiyo inayoamua ni yapi yashinde, kwa hiyo vitufe vyake sasa ndivyo kinanda chako.

1. Shusha kila kitu hadi sifuri: GAIN, AUX, vitelezi, MASTER. Zima +48V (umeme wa kulisha maikrofoni). Ikwalaiza zote ziwe katikati. Usivae hedifoni, tumia spika ndogo.
2. Waya mmoja utoke AUX SEND 1 uingie tundu la LINE la chaneli ya 1.
3. Pandisha GAIN ya chaneli ya 1 hadi nusu na kitelezi chake hadi nusu. MASTER kidogo tu.
4. Sasa pandisha taratibu kitufe cha AUX 1 kwenye chaneli hiyohiyo. Kwa muda hakuna kitu, halafu ghafla kuna mluzi au ngurumo. Mpaka huo ndio mahali pa kukaa. Rudi nyuma kidogo, nenda mbele kidogo, mpaka mkono uujue.
5. Zungusha trebo, kisha kati, kisha besi, kimoja kimoja. Besi ikipanda na trebo ikishuka, mlio hushuka mpaka unakuwa mapigo unayoweza kuyahesabu.
6. Kama una AUX 2, fanya mzunguko wa pili kwa chaneli ya 2. Kisha pandisha kidogo AUX 1 kwenye chaneli ya 2. Mizunguko miwili ikivamiana, milio inaanza kukatika, kugugumia, kurudiarudia kama ngoma. Nusu milimita ya kitufe inabadilisha kila kitu, na hutaweza kurudi ulipotoka kwa uhakika. Rekodi muda wote.
7. Chomeka pedali ya distoshoni kati ya AUX SEND na tundu la LINE. Mzunguko uliokuwa mpole utakuwa mkali na mgumu kudhibiti. Dilei mahali hapohapo hutoa ngazi za sauti zinazopanda zenyewe.

Kukiwa kimya kabisa, kuna sababu mbili za kawaida: AUX yako inategemea kitelezi nacho kiko chini, au miksa haina nguvu ya kutosha kujizungusha, na hapo pedali ndiyo dawa.

Kuna kosa moja lisilosameheka. Tundu la spika la amplifaya halirudi kamwe kwenye miksa. Huo ni umeme wa kusukuma spika. Utaunguza miksa mara moja.

Ukiisha kuzoea, unganisha sehemu mbili za mwongozo huu: chuma kiingie chaneli ya 3, nawe pandisha AUX 1 ya chaneli hiyo kidogo. Sasa kila ukigusa chuma, mzunguko unayumba, na bati linaongoza miksa.

## Masikio na spika

Kiwango kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua nusu. Kwenye desibeli 94 una saa moja. Kwenye 100 una dakika 15. Onyesho la noizi hupita hapo kwa urahisi. Vizibo vya sponji vinafanya kazi vikivaliwa sawasawa: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka vivimbe. Kama nusu ya kizibo inaonekana nje, hujavaa kitu. Wabebee na wasikilizaji wako.

Spika za kukodi zina hatari yake. Mluzi mkali usiokoma huunguza twita (spika ndogo ya milio ya juu) hata kama sauti haionekani kubwa, kwa sababu twita imetengenezwa kwa milio mifupi. Mweleze mwenye mitambo mapema utapiga nini, mwombe aweke limita (kifaa kinachozuia sauti kuvuka kiwango), nawe kata kila kitu kilicho juu ya 10 kHz na chini ya 40 Hz kwenye chaneli yako. Akikuamini mara ya kwanza, atakukodisha tena.

## Kurekodi

Usirekodi kwa kinasa sauti cha simu kilicho kwenye mipangilio ya kawaida. Simu nyingi hurekebisha sauti zenyewe na kufuta kinachodhaniwa ni kelele, na kazi yako yote ni kile kinachofutwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni mbaya zaidi. Toa waya kwenye miksa hadi kadi ya sauti ya USB, fungua programu ya Audacity, weka 48 kHz na biti 24, na acha vilele visivuke −12 dB. Distoshoni ya pedali ni nzuri. Kukatika kwa kompyuta ni kubaya, na hakutoki.

Kompyuta ndogo ikiwa kwenye chaja mara nyingi huleta mvumo mwembamba wa juu. Chomoa chaja. Mngurumo wa 50 Hz unaobaki hutoka kwenye ethi mbili zinazokutana: chomeka miksa, pedali na spika kwenye soketi moja ya ukuta. Usikate pini ya ethi kamwe ili kuondoa mngurumo, hasa wewe unayeshika bati kwa mikono miwili.

Rekodi dakika 20 bila kusimama, kisha usisikilize siku hiyo. Kesho yake sikiliza kwa sauti ya chini kabisa. Sehemu zinazokuvuta hata zikiwa chini ndizo za kubakiza; kwa kawaida hazizidi dakika tano. Hifadhi kwa WAV au FLAC. MP3 ya kilobiti 128 huifanya noizi isikike kama maji yanayozunguka, kwa sababu mfumo huo hutupa maelezo madogo, na noizi imejaa maelezo madogo. Ukimtumia mwenzako, mtumie kama hati, si kama sauti.

## Kugeuza sauti kuwa kipande

Kwa kipande cha kwanza chukua vitu vitatu tu: mzunguko mmoja wa miksa, chuma kimoja, na sauti ya mtu au mashine ya ngoma. Anza na kimoja kwa dakika mbili nzima. Kinachofuata kikiingia, cha kwanza kipunguze. Vitatu vikilia pamoja kwa nguvu zote visizidi dakika moja, kisha kata vyote kwa mkupuo kwa kitufe cha MUTE na acha kimya cha sekunde nne au tano. Kimya hicho ndicho kipimo: kama watu hawatulii, kilichotangulia kilikuwa kirefu mno au hakikubadilika.

Mashine ya ngoma haihitaji kuwa mashine. Programu ya bure ya simu inatosha, ikipitishwa kwenye pedali ileile ya distoshoni. Kwa panki weka mapigo kati ya 160 na 200 kwa dakika, kiki na sneya tu, bila haihati, kwa sababu chuma chako tayari kimejaza milio ya juu. Sauti ya mtu ikate chini ya 150 Hz na uiweke kwenye chaneli isiyo na AUX yoyote iliyofunguliwa, vinginevyo mzunguko utaimeza. Kipaza sauti cha mkononi cha wauza matangazo, kikiwa na piezo iliyobandikwa kwenye tarumbeta yake, hutoa sauti ambayo hakuna pedali inayoiiga.

Ukipiga na mwenzako, kila mmoja awe na eneo lake: mmoja chini ya 300 Hz, mwingine juu yake. Bila makubaliano hayo wote mtapanda sauti kila dakika mkitafuta kujisikia, na ndani ya robo saa hakuna atakayesikia chochote. Mkihisi mnashindana, ambaye sauti yake iko juu zaidi ndiye ashushe kwanza.